Mmiliki ni Mmoja

Karani wa ofisi ya kusajili magari alimwambia Mwenyekiti apanguse kidole kwenye gauni, akiweke tena. Akakipangusa, akakiweka juu ya kioo cha mashine, na mashine ikatoa mlio ule ule wa kukataa. Kwenye foleni nyuma yake mtu akasonya.

"Lete kingine," karani alisema.

Vikaletwa vyote, vikakataliwa vyote. Wakafuata wenzake, mmoja mmoja, kila mwanamke akiinama mbele ya kile kidude cha kusoma alama za vidole, na kila mmoja akarudi kwenye benchi mikono ameificha kwapani. Walikuwa kikundi cha wafuaji, na Mwenyekiti ndiye kiongozi wao. Miaka na miaka mikono yao ilikuwa imekaa kwenye maji ya magadi na dawa ya madoa, wakifua mashuka ya hospitali, yale yenye damu na usaha ambayo hayatakati kwa kubembelezwa. Ncha za vidole zilikuwa zimesagika zikawa laini kama kipande cha sabuni kinachoishia. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa mashine kusoma.

"Nyie mnafanya kazi gani?" karani aliuliza.

"Tunafua, baba."

"Mnafua nini, mawe?"

Foleni ikacheka. Wafuaji nao wakacheka, maana anayetaka kitu ofisini hucheka karani anapotania.

Alibaki mmoja, yule waliyemwita Pasi. Yeye hakuwa akifua. Kazi yake ilikuwa kunyoosha, kwa pasi ya mkaa, tangu mashuka yanapoanuliwa mpaka anaposhindwa kuona mikunjo. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto mpaka kwenye viwiko, lakini ncha za vidole zilikuwa salama. Akaweka kidole cha shahada. Taa ya kijani ikawaka. Wenzake wakapiga vigelegele pale pale, mpaka mlinzi akaja kuchungulia kuna nini.

"Basi mmiliki ni huyu," karani alisema.

"Huyu na sisi," Mwenyekiti alisema. "Gari tumelinunua watu sita. Andika sita."

"Mama, mfumo unakubali mmiliki mmoja."

"Na sisi watano twende wapi?"

"Nyumbani. Mkafue."

Mwenyekiti alimgeukia Pasi. Walikuwa mawifi. Mwenyekiti alikuwa dada wa marehemu mume wa Pasi, na siku ya mazishi yeye ndiye aliyemshika kiuno asianguke. "Mwandike wifi yangu," alimwambia karani. "Kwake na kwangu ni mlango mmoja." Karani akabonyeza vitufe vyake, na gari likapata mwenyewe.

Gari lenyewe lilikuwa kigari cha mizigo, kile kidogo ambacho injini yake inakaa chini ya kiti na kumchoma dereva makalio. Lilikuwa limekwisha kutumika huko lilikotoka, likavuka bahari, na mlangoni lilikuwa na maandishi ambayo hakuna aliyeyajua. Walipokwenda kulitazama kwenye yadi ya bandarini, kila mmoja aliyatafsiri anavyotaka. Mmoja alisema hilo lilikuwa gari la kuuza maua. Mwingine akasema hapana, hayo ni matusi, ndiyo maana wenyewe wamelitupa. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mwenyekiti alilipapasa boneti kwa kiganja, taratibu, akasema hata hawezi kuamini.

Kabla ya hapo mashuka yalikwenda kwa mkokoteni, wawili wakivuta na wanne wakisukuma, na hospitali ilikuwa juu ya mlima. Kwenye mlima ule mmoja wao, yule mdogo kuliko wote, mimba ilimtoka, na mashuka yakafika kwa wakati. Sasa hospitali ilikuwa imetoa tangazo kwamba kuanzia mwezi ujao haitapokea mashuka yanayoletwa kwa mkokoteni, kwa sababu za usafi. Asiye na gari akatafute pengine. Kwa hiyo kigari kile hakikuwa fahari. Kilikuwa ndiyo kazi yenyewe, na kila siku kilipolala bandarini tozo ya yadi iliongezeka.

Lakini gari lenye kadi ya usajili haliingii barabarani bila bima. Wakala wa bima alikuwa na meza yake chini ya mwavuli, hatua chache tu kutoka lango la ofisi, na karani mwenyewe ndiye aliyewaelekeza. Wakala huyo alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa na ulimi laini. Alimwita kila mwanamke Dada, hata walio na umri wa mama yake.

"Gari la binafsi au la biashara?" aliuliza.

"Biashara," Pasi alisema. "Tutabebea mashuka ya hospitali. Tunalipwa."

"Basi nileteeni kibali cha kubeba mizigo. Chumba cha juu, mwisho wa ukumbi."

Chumba cha juu kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Mfagiaji aliyekuwa akisukuma maji kwenye ukumbi aliwaambia bwana wa vibali yuko semina.

"Anarudi lini?"

"Semina ikiisha."

Wakangoja wiki, wakarudi. Kufuli lilikuwa pale pale. Wakala aliwaona wakishuka ngazi na nyuso zimewashuka, akawavutia benchi.

"Dada zangu, mtangoja mpaka gari liote majani? Tuandike binafsi. Bwana akirudi, mnakuja tunabadilisha. Wote huanza hivyo."

Pasi akasita. Hakuwa amesoma sana, lakini swali lake lilikuwa limenyooka. "Na tukimgonga mtu kabla hatujabadilisha?"

"Bima ni bima, Dada. Anayegongwa haulizi gari lilibeba nini. Na likitokea lolote, namba yangu hii hapa, nipigie mimi mwenyewe."

"Wifi, tia sahihi tuondoke," Mwenyekiti alisema. "Ile yadi inatunyonya damu."

Akatia sahihi. Wakala akafuatana nao mpaka yadini, akabandika stika kwenye kioo kwa mikono yake mwenyewe, akailainisha kwa dole gumba, akawatakia kazi njema.

Pasi alirudi kubadilisha. Mara ya kwanza alikuta kufuli. Mara ya pili mlango ulikuwa wazi, bwana wa vibali yupo, amenona, lakini mtandao ulikuwa umekatika na hakuna aliyejua utarudi saa ngapi. Mtu atauliza kwa nini hakwenda mara ya tatu. Mara ya tatu alikuwa na mashuka ya wodi nzima ya wazazi, na pasi hainyooshi yenyewe.

Ikapita miezi mizuri. Aliyeendesha alikuwa mtoto wa Mwenyekiti, mtu mzima mwenye leseni yake, mpole, anayefunga turubai kwa mafundo yasiyofunguka. Wanawake walianza kulala migongo haiwaumi. Yule mdogo alinenepa. Mwenyekiti alianza kusema habari ya gari la pili, wakamwambia aache kuita mikosi, naye akacheka tu.

Siku ya ajali ilikuwa mchana kweupe. Kigari kilikuwa kimefika kwenye lango la hospitali, kimejaa mashuka yaliyonyooshwa, na gari la wagonjwa likatokea nyuma likipiga king'ora linataka njia. Dereva akarudi nyuma kupisha. Pembeni ya ukuta alikaa fundi viatu kwenye kigoda chake, mahali alipokaa miaka yote. Aliona tairi, akajaribu kuinuka. Kigari kilikuwa chepesi, lakini kilikuwa na mzigo, na mguu wa mtu si kitu mbele ya mzigo.

Pasi na Mwenyekiti, waliokuwa wamekaa juu ya mashuka, waliruka chini. Walimlaza fundi kwenye shuka moja safi, wakamwita mlinzi na mpita njia, wakamwingiza ndani wote wanne. Mtunza stoo wa hospitali aliliona shuka lile likiwa limelowa damu, akaliandika kama shuka lililoletwa chafu. Walipotoka nje, funguo zilikuwa kwenye gari na mlango uko wazi. Dereva alikuwa ametoroka, amekwenda kwa baba yake, mji mwingine, bila kuaga mtu. Polisi wakalivuta gari na mzigo wake wote.

Mkaguzi wa bima alikuja kituoni kesho yake, wakati jua limesimama juu ya uwanja. Usiku wa kuamkia siku hiyo Mwenyekiti alikuwa amemfundisha wifi yake maneno ya kusema, na Pasi alikuwa ameyarudia mpaka yakawa makavu mdomoni.

"Gari lilikuwa limebeba nini?" mkaguzi aliuliza.

"Mashuka."

"Ya nani?"

Mwenyekiti alisimama nyuma yake, akamgusa mgongoni kumtia moyo. "Ya nyumbani," Pasi alisema. "Yangu."

Mkaguzi akaandika. Kisha akafungua mafundo ya turubai, kazi iliyomchukua muda, akalifunua.

Wafuaji wale walikuwa na namna yao ya kukunja. Shuka la hospitali lina muhuri wa buluu pembeni, na wao walilikunja muhuri ubaki juu, kona ya kulia, yote yakitazama upande mmoja, ili mtunza stoo ayahesabu kwa kupitisha kidole bila kufungua hata moja. Namna hiyo aliianzisha Pasi mwenyewe. Mtunza stoo aliwahi kumsifu mbele ya watu, na katika maisha yake hakusifiwa mara nyingi. Sasa mihuri ile ilikuwa imejipanga juani, safu juu ya safu, imenyooka haina kasoro.

Mkaguzi aliitazama kwa muda. "Dada," alisema, "nyumbani kwako kuna vitanda vingapi?"

Mkono wa Mwenyekiti ukaondoka mgongoni.

Hakuwa mtu mbaya, yule mkaguzi. Alipiga picha zake, akamweleza Pasi kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Gari liliandikishwa la binafsi, limekamatwa likifanya biashara, kwa hiyo kampuni haitamlipa yule fundi viatu. Mwenye gari atambeba mwenyewe. Na kusema uongo kwenye madai ya bima ni kosa jingine, ila hilo yeye hataliandika, amwombee tu.

Pasi alimpigia wakala simu akiwa bado uwanjani.

"Uliniambia nikupigie."

"Na umenipigia, Dada. Pole sana. Lakini mimi kazi yangu kuuza bima, kulipa ni watu wa ndani."

"Wewe ndiye uliyeandika binafsi."

"Mimi niliandika. Wewe ndiye uliyetia sahihi."

Hata hivyo Pasi hakukata tamaa siku ile. Alikuwa na watu. Hospitali ilikuwa imemzuia fundi viatu wodini mpaka gharama zake zilipwe, na mzigo huo, ukigawanywa kwa sita, ungewaumiza lakini usingewaua. Aliingia ndani akamweleza afande wa zamu kwamba jina kwenye kadi ni lake lakini gari ni la watu sita. Afande akaagiza hao watano waitwe.

Walikuja wote pamoja, wamevaa magauni yao ya kutokea. Pasi alipowaona mlangoni kifua kilimfunguka. Alisogea mpaka mwisho wa benchi ili wapate nafasi, akalipangusa vumbi kwa kiganja.

Hawakukaa.

"Gari ni la nani?" afande aliuliza.

"La kwake," Mwenyekiti alisema. "Sisi ni vibarua wake, afande. Tunafua, anatulipa."

Pasi alitaka kucheka. Kwa jinsi Mwenyekiti alivyosema, ilikuwa kama utani wao wa karoni, wakati wa kufua. Aliwatazama wengine ili aone nani ataangua kicheko kwanza.

"Wifi," alisema.

"Kadi ina jina lake, bima ina jina lake."

"Wifi, niangalie."

Mwenyekiti alimwangalia afande. "Hata kule ofisini, mashine ilitukataa sisi, ikamtaka yeye. Nenda kaulize kama nasema uongo."

"Na nyie?" afande aliwauliza wengine.

"Kama alivyosema Mwenyekiti."

Yule mdogo alikuwa analia, lakini naye alipofikiwa alisema vile vile. Walimruka Pasi kimanga, wote, mbele ya macho yake, na kila mmoja alipomaliza alipumua kama aliyetua mzigo.

Afande akawasomea maelezo yao, akawaletea kidau cha wino, maana watatu kati yao hawakujua kuandika na wawili walisema mikono inatetemeka. Wakagandamiza dole gumba kwenye karatasi. Pasi aliinuka akainama juu ya meza. Kila dole lilikuwa limeacha doa jeusi, limejaa, halina mstari.

"Afande, hizi si alama. Tazama. Hazina kitu."

"Hapa hatutumii mashine, mama. Kaa chini."

Aliwakimbilia nje. Wenzake wanne walikuwa wameshatangulia kwa haraka ya watu waliokopa. Mwenyekiti peke yake alisimama, akivuta vuta kola ya gauni lake.

"Wangemtafuta mwanangu," alisema. "Tukisema gari ni letu, watauliza nani alikuwa anaendesha, yuko wapi, mama yake nani. Ulitaka nimtoe?"

"Mimi nilimtaja? Hata mara moja, nilimtaja?"

"Hujamtaja. Ungetajishwa."

"Na mimi je?"

"Wewe uko peke yako, wifi." Alisema hivyo bila ukali, akimwonea huruma kweli. "Wale wanataka mtu mmoja. Wakimpata wanatosheka. Tukianguka sote, nani atakuletea hata maji?"

Pasi alikuwa amemzika mume na hakuumia hivi. Mume alikufa, basi, hakuchagua. Huyu alikuwa amesimama mbele yake, mzima, na mkono ule ule uliomshika kiuno makaburini ulikuwa unafungua pochi kutafuta kitambaa cha kumpa afute machozi. Alikikataa kitambaa. Mwenyekiti akakirudisha kwenye pochi, akaenda zake.

Wiki hiyo hiyo walipata mnyooshaji mwingine, na mtu mwingine mwenye gari wa kuwabebea mashuka kwa kukodi. Hakuna aliyemletea maji.

Pasi aliuza kitanda, akauza mabati aliyokuwa akikusanya, akamtoa fundi viatu wodini. Kilichobaki atakilipa kidogo kidogo, kila wiki, mpaka fundi aweze kusimama. Ndivyo walivyoandikishana mbele ya afande. Akawa ananyoosha nguo za majirani kwenye chumba chake, meza imesogezwa karibu na mlango apate hewa. Na mlangoni hapo, kila siku, akawa anakaa fundi viatu. Mkewe alimleta asubuhi kwenye toroli la kubebea mchanga, mguu umenyooshwa mbele kwenye plasta, na kigoda chake na boksi la zana mapajani. Pale penye lango la hospitali palikuwa pameshachukuliwa na muuza vocha.

"Sina ugomvi na wewe," fundi alimwambia siku ya kwanza. "Nakaa hapa usinisahau."

Wapita njia walimwona, wakauliza, wakaambiwa. Nguo za kunyoosha zikapungua. Lakini viatu vilikuja vingi, kwa huruma. Walikaa hivyo, yeye na sindano yake na uzi, Pasi na mkaa wake, na ikipita siku nzima pengine walikuwa wamezungumza maneno ya kuombana moto na maji tu. Pasi hakumchukia. Hilo ndilo lililomchosha zaidi, kwamba mtu pekee aliyekuwa na haki ya kumchukia ndiye pekee aliyekuwa bado anakuja kwake.

Wakala wa bima alifika siku moja mchana, akiuliza uliza njia. Alimkuta Pasi ananyunyizia shati maji. Akasalimia, akampa pole fundi kwa mguu bila kuuliza ulivunjwa na nini, akasimama kizingitini.

"Dada, hukupokea ujumbe wangu? Bima ya gari inaisha Ijumaa."

"Gari liko polisi."

"Najua."

"Tairi mbili zimeshaondoka. Betri haipo. Ndege wametaga kwenye kiti."

"Sheria haiulizi liko wapi. Kwenye mfumo ni gari la barabarani na lina jina lako. Likilala bila bima hata siku moja ni faini, na faini inazaa. Nimekuja kwa miguu yangu kukuonya, wengine wanaachwa mpaka wanafuatwa."

Pasi aliiweka pasi juu ya kisahani chake. "Na utaliandika la nini safari hii? Biashara?"

Wakala akajikuna shingo. "Biashara inataka kibali, na kibali kinataka gari likaguliwe, na gari haliwezi kutoka polisi bila bima. Tuweke binafsi kwa sasa."

"Kama ile."

"Kama ile."

Mkaa ulipasuka ndani ya pasi. Fundi viatu, ambaye hakuwa ameinua kichwa muda wote huo, alikaza uzi kwa meno, akaukata.

"Lipa, Dada," alisema. "Barabarani kuna watu."

Pasi alimtazama aone kama anamcheka. Fundi alikuwa anatafuta kiatu kingine kwenye rundo. Uso wake haukuonyesha lolote.

"Umesikia mzee mwenyewe?" wakala alisema, amefurahi. "Mzee ana akili huyu." Akatazama chini, akainua mguu wa kushoto, akakagua soli iliyoanza kuachana na ngozi. Akakivua kiatu, akampa fundi, akabaki amesimama kwa mguu mmoja, ameshika fremu ya mlango. "Hebu nishonee hiki wakati namsubiri Dada."

Pasi akaingia nyuma ya pazia kutafuta hela. Alipokuwa amepiga magoti anapekua chini ya nguo, aliwasikia nje wakipatana bei ya kiatu, wakala akimbembeleza fundi ampunguzie, na fundi akikubali.